Winga si bawa

Ukishuka basi la mwendokasi pale Msimbazi, Dar es Salaam, na kushika njia ya Mtaa wa Kongo kuingia Kariakoo, hutapiga hatua ishirini kabla kijana hajakuwahi. "Karibu mzee wangu, tunatafuta nini leo? Viatu, simu, mapazia?" Duka hana. Hata meza hana. Alicho nacho ni miguu, ulimi, na ramani ya maduka ya ghorofani ambayo mgeni hawezi kuyafikia peke yake. Akikufikisha dukani ukanunua, naye anapata chake juu ya bei ya mwenye duka. Ukimwuliza kazi yake hakupi maelezo marefu: yeye ni winga.

Nimewasikia watu wa lugha wakilikunjia uso neno hilo. Wanasema ni Kiingereza kilichovunjika, kwamba tunaye dalali tangu enzi za minada, tunaye wakala, tunaye mpambe, basi winga wa nini? Mimi niko upande wa yule kijana. Na kadiri nilivyozidi kulifuatilia neno la Kiingereza wing hadi huko lilikotoka, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba Kariakoo wamelielewa vizuri kuliko watafsiri wengi waliokaa mezani na kamusi zao.

Kwanza, wing lenyewe ni mgeni katika Kiingereza. Mwingereza wa kale, alipotaka kutaja mbawa za ndege, alisema feðera, yaani manyoya tu, kwa wingi wake. Herufi hiyo ya katikati inasomwa kama dh ya dhahabu. Ndilo neno ambalo leo limebaki kuwa feather, unyoya. Hakuonekana kuhitaji neno la mbali zaidi ya hapo.

Waliomletea wing walikuja kwa jahazi. Mwaka 793 Wanorse, mabaharia wa Skandinavia, waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa ambalo halikurudi lilikotoka. Watu wake wakagawana mashamba, wakaoa, wakazaa. Kufikia 1016 mfalme wa Waingereza alikuwa Mdenmark, Cnut. Watu wakikaa pamoja muda huo wote, wakilima mpaka mmoja na kuuziana ng'ombe, maneno nayo huvuka uzio. Vængr la Wanorse likavuka hivyo, na kufikia mwishoni mwa karne ya 12 linaonekana katika maandishi ya Kiingereza, likiwa tayari limeanza kulisukuma feðera lirudi kwenye kazi yake ya unyoya.

Halikuvuka peke yake. Egg, yai, ni la Wanorse. Sky, anga, ni la Wanorse pia, na kwao lilimaanisha wingu. Window, dirisha, kwao lilikuwa vindauga, jicho la upepo, na sijaona lugha iliyolipa dirisha jina zuri kuliko hilo. Kwa hiyo ndege wa Kiingereza anaanguliwa kutoka katika yai la kigeni, anaruka kwa mbawa za kigeni katika anga la kigeni. Manyoya ndiyo yake.

Na msidhani wenyeji waliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Mchapishaji William Caxton, katika dibaji ya kitabu alichokichapa mwaka 1490, anasimulia habari za wafanyabiashara waliokwama kwenye mto Thames kwa kukosa upepo, wakateremka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama mwenye nyumba amuuzie egges. Yule mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua. Ndipo mwenzake akaomba eyren, neno la kale la mayai, na mama akaelewa mara moja. Caxton anauliza, kwa uchungu wa mtu wa kazi, sasa mwandishi aandike lipi? Zaidi ya karne tano zimepita na egg limeshinda, eyren limekufa, na hakuna Mwingereza anayelia. Kila ninapomsikia mtu akisema winga si Kiswahili, namkumbuka yule mama wa Kent. Hakuwa mjinga. Alikuwa tu hajajua kwamba lugha yake imeshapita mlangoni kwake ikaendelea na safari.

Wanaisimu wanalifuata wing nyuma zaidi, hadi kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kuvuma, huohuo uliozaa wind, upepo. Lakini kinachonishika mimi ni kule lilikokwenda baadaye, kwa sababu neno hili halikutulia kwenye mwili wa ndege. Kufikia mwaka 1400 hivi lilishatumika kwa jeshi, kutaja vikosi vya pembeni. Likaingia kwenye majengo: nyumba kubwa ina kiwiliwili chake, na kila upande umetokeza sehemu. Likapanda jukwaani, ambako wings ni zile sehemu za pembeni anaposubiri mwigizaji asiyeonekana na watazamaji, na aliyekwenda kuchungulia maneno yake hapo dakika ya mwisho ndiye aliyewaachia Waingereza msemo wao wing it, yaani kufanya jambo bila maandalizi. Likafika hata garini. Ile sehemu ya bodi juu ya tairi, ambayo mafundi wetu wanaiita fenda, Mwingereza anaiita wing. Na kioo anachokiita cha bawa, dereva wa daladala anakiita saitimira, kioo cha upande. Hapo dereva hakupunguza chochote. Amekwenda moja kwa moja kwenye maana.

Maana yenyewe ni upande. Ondoa ndege, ondoa kuruka, kinachobaki katika matumizi hayo yote ni ubavu wa kitu kilicho na katikati. Wala Waingereza hawakuigundua njia hiyo. Warumi walikuwa na ala, bawa, na vikosi vya washirika wao, pamoja na wapanda farasi, vilivyopangwa kwenye mbavu za jeshi viliitwa alae. Kupitia Kifaransa, ala hiyohiyo ikawa njia za pembeni ndani ya kanisa, na leo Mwingereza anapotembea supamaketi kati ya rafu za sabuni na rafu za mchele, yuko ndani ya bawa la Kirumi bila kujua. Kiarabu nacho kina janah, bawa, ambalo ni ubavu wa jeshi pia na upande wa jengo, na mzizi wake unabeba maana ya kuinama na kuelekea upande.

Sasa tugeuke kwetu, maana hapa ndipo kosa linapofanyika kila siku.

Kiswahili hakikulifanyia bawa hivyo. Bawa limebaki na mwenye kuruka. Tuna bawa na mabawa, tuna ubawa na mbawa. Kwa kuku tuna kipapatio, kutoka kupapatika, na aliyewahi kumshika kuku siku ya sikukuu kabla kisu hakijafika anajua neno hilo limetoka kwenye mkono wa mtu, halikutungwa ofisini. Tuna mbawakawa, mdudu yule mwenye gamba mgongoni. Nikilisikiliza jina lake naona mbawa zilizofunikiwa kawa, kama ubwabwa unavyofunikwa usiingie inzi. Wagiriki walimtazama mdudu huyohuyo wakamwita mwenye mbawa ndani ya ala, ala hii ikiwa ile ya kisu, na sayansi bado inatumia jina hilo la Kigiriki. Watu wawili wasiojuana, bahari tofauti, wamemwinamia mdudu mmoja wakaona kitu kilekile.

Wagiriki hao pia wametuachia bawa jingine ambalo hatulioni. Mwaka 1861 Mfaransa Gustave Ponton d'Amécourt aliunganisha helix, mzunguko kama wa parafujo, na pteron, bawa, akapata jina la chombo alichokuwa anakiwaza. Helikopta, kwa hiyo, inakatika hivi: heliko, halafu pta. Zile herufi tatu za mwisho ndizo bawa lenyewe. Waingereza walilikata neno vibaya, wakapata heli upande mmoja na copter upande wa pili, ule mzunguko ukapasuka katikati. Sisi tukachukua chopa wakati wa kampeni tukaendelea na mikutano.

Narudi kwenye bawa. Kwa sababu halikutawanywa kwenye majengo na magari, limebaki na joto lake. Zaburi ya 91 inasema: "Kwa manyoya yake atakufunika, chini ya mbawa zake utapata kimbilio." Manyoya na mbawa katika pumzi moja, yale mawili ambayo Mwingereza wa kale aliyataja kwa neno moja. Qurani, katika sura ya Fatir, inawataja malaika wenye mbawa mbili mbili, tatu tatu na nne nne, na katika sura ya Al-Israa mtoto anaamrishwa awainamishie wazazi wake bawa la unyenyekevu. Mtu aliyesoma maneno hayo chuoni au kanisani akiwa mdogo anabeba ndani yake picha ya bawa ambayo ni ya hifadhi, ya kuinama, ya mama kuku na vifaranga wakati mwewe anazunguka juu.

Halafu anafungua simu asubuhi anakutana na habari ya "bawa la magharibi" la Ikulu ya Marekani. Jengo hilo, ambalo marais wa Marekani wamefanyia kazi tangu Theodore Roosevelt alipolijenga mwaka 1902, halina bawa. Lina upande. Oktoba 2025 sehemu ya mashariki ya Ikulu hiyo ilipobomolewa, mhariri wa Kiswahili alikuwa na kazi nyepesi kabisa: jengo la upande wa mashariki limebomolewa, basi. Ukiandika kwamba bawa limebomolewa, msomaji anasimama. Mbawa hazibomolewi, huvunjika, na zikivunjika kuna kiumbe anaumia. Mashine za kutafsiri zimeuzidisha ugonjwa huu, kwa kuwa zimefundishwa kwamba wing ni bawa na hakuna aliyeziambia kwamba kwa Mswahili jengo halipapatiki. Lakini nasikitishwa zaidi na binadamu anayelipokea tafsiri hiyo na kuibandika kama ilivyo.

Vyama vyetu vya siasa vilikwepa mtego huo bila kelele. Mwandishi wa Kiingereza akiandika habari za CCM ataitaja wing ya wanawake na wing ya vijana. Kwa Kiswahili hizo ni jumuiya za chama, Umoja wa Wanawake na Umoja wa Vijana. CHADEMA ina mabaraza: BAWACHA, BAVICHA. Umkhonto we Sizwe iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1961 tumezoea kuiita tawi la kijeshi la ANC, na tawi ni neno lenye uhai, maana tawi linakula kutoka kwenye shina.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na mtu nisiyelijua jina lake, aliyetafsiri left wing na right wing. Kisa chenyewe kinafahamika. Mwaka 1789, pale Versailles, Bunge la Taifa la Ufaransa lilibishana kama mfalme awe na haki ya kuzuia sheria. Waliotaka mfalme abaki na nguvu wakakaa kulia kwa mwenyekiti, waliotaka kumpunguza wakakaa kushoto. Viti vikageuka itikadi. Kiingereza kikaongezea wing juu yake, ile ya jeshi, kwa sababu siasa nayo ilionekana kama vita vyenye pande mbili.

Mtafsiri wetu angeweza kuandika bawa la kushoto. Hakuandika hivyo. Alikwenda pwani akachukua mrengo.

Mrengo, wengine husema mrengu, ni mti wa pembeni wa ngalawa, ule unaotokeza nje ya chombo na kuushika ubao unaoelea, ili upepo ukipiga chombo kisipinduke. Ngalawa yetu inayo pande zote mbili, tofauti na mitumbwi mingi ya Pasifiki inayofungwa upande mmoja tu. Mrengo haurushi chombo. Wala haukisukumi mbele, hiyo ni kazi ya tanga. Kazi yake ni kukaa majini, upande wake, na kukataa chombo kisilale. Nahodha akiona upepo umezidi huwapeleka watu wakae juu ya mrengo wa upande wa pili.

Nadhani hiyo ndiyo tafsiri bora kuliko asili yake niliyowahi kuiona katika Kiswahili cha siasa. Katika neno la Kiingereza kuna ndege au kuna jeshi. Katika neno letu kuna chombo kimoja na watu waliomo ndani yake, na pande mbili zinazokishika kisizame. Mhariri anayeandika leo "bawa la kulia la chama" kwa kudhani anaboresha, anatupa ngalawa nzima baharini.

Winga, sasa. Neno hili limetufikia kupitia milango miwili, na mmoja ulikuwa mchungu. Kenya ya chama kimoja iliwajua mayuthwinga wa KANU, vijana wa chama waliosimama stendi na sokoni wakidai kadi ya uanachama, na asiyekuwa nayo alikatazwa kupanda basi au kuuza nyanya zake. Kwa Wakenya waliokuwa watu wazima kabla ya vyama vingi kurudi mwaka 1991, neno hilo bado lina sauti ya kirungu. Tanzania neno lilipitia uwanjani.

Katika mpangilio wa zamani wa washambuliaji watano, wawili walikaa kwenye chaki, mmoja kila upande. Waingereza walipolazimisha jezi zenye namba kwenye ligi yao mwaka 1939, namba za hao wawili zikawa 7 na 11, na mpaka leo mzee wa Temeke au Kisumu hasemi kocha amebadilisha winga wa kulia, anasema ametoa namba saba. Tulikuwa na winga teleza wetu. Aliyemwona Edibily Lunyamila wa Yanga ya miaka ya 1990 akimpita beki pembezoni haitaji maelezo ya neno teleza.

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Wembley, tarehe 2 Mei 1953, fainali ya Kombe la FA. Blackpool wako nyuma 3-1 dhidi ya Bolton. Winga wao wa kulia, Stanley Matthews, ana miaka 38. Anaanza kuchukua mpira kwenye chaki, anamzunguka beki, anarudisha ndani, mara hii, mara ile. Blackpool wanashinda 4-3. Stan Mortensen alifunga matatu siku ile, na la ushindi lilifungwa na Bill Perry. Matthews hakufunga hata moja. Na bado Waingereza wenyewe wanaiita Fainali ya Matthews.

Hiyo ndiyo maana waliyoichukua Kariakoo. Winga hafungi. Anakimbia pembeni, kwenye joto, kati ya mikokoteni na bodaboda, anamchukua mteja nje ya msongamano na kumleta mbele ya goli. Mwenye duka anagusa tu. Dalali ni mtu mwingine kabisa. Dalali anajua bei ya kiwanja, anakaa, anangoja simu, anasimama katikati ya muuzaji na mnunuzi. Wakala anaiwakilisha kampuni. Mpambe anamtukuza bosi. Hakuna hata mmoja kati yao anayekimbia pembeni. Kiswahili kilikuwa na pengo, vijana wakaliziba kwa neno walilolisikia redioni kila Jumapili, wakalipa maana ambayo Mwingereza hanayo. Mwulize mtu wa London kama winger ni mtu anayekupeleka duka la mapazia. Atakutazama kama yule mama wa Kent.

Nayajua malalamiko dhidi ya mawinga, kwamba wengine wanapandisha bei na wengine wanamng'ang'ania mteja mpaka anakimbia. Hayo ni ya soko, na soko litayashughulikia. Neno halina kosa. Tena linaendelea kufuata mpira wenyewe. Mawinga wa siku hizi wanakata ndani na kufunga, kama Luis Miquissone wa Simba alivyowafunga Al Ahly ya Misri pale uwanja wa Mkapa tarehe 23 Februari 2021. Kariakoo nako wapo waliokata ndani: alianza kwa kukimbiza wateja wa watu, leo ana fremu yake ghorofa ya pili na mawinga wanaomletea.

Kwa watunga kamusi, basi, naleta rasimu yangu waikosoe wanavyotaka. Winga, ma-, ngeli ya a-/wa-. Kwanza, mchezaji wa pembeni katika timu ya mpira, hasa mshambuliaji. Pili, mtu asiye na duka anayetafuta wateja sokoni na kuwapeleka kwa wenye maduka kwa malipo: Usiende peke yako kule ghorofani, mchukue winga akupeleke.